Sabuni Ilikuwa Bei Gani Siku Ile

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza kuandika. Mkate umepanda tena. Mayai bado yako palepale. Redioni wamesema mto umejaa na watu wa mabondeni wahame. Mwaka jana walisema hivyohivyo, na watu wa mabondeni bado wako mabondeni.

Haya nakuandikia wewe uliye tumboni. Baba yako anakuita mpangaji, maana unakaa bure na kuupiga ukuta mateke. Mimi bado sijakuita kitu. Naogopa.

Nisikufiche. Mama yangu alikufa siku aliyonizaa, na mwaka huu nimefikia umri wake. Shuleni wenzangu walijua habari za siku walizozaliwa: huyu kazaliwa umeme umekatika mji mzima, yule kazaliwa baba yake katumbukia mtaroni kwa furaha. Mimi nikiuliza nyumbani, watu walikuwa wanainuka kwenda kuangalia maji jikoni. Siku yangu ilikuwa siku ya msiba, wakaizika pamoja naye. Sijui hata kama mvua ilinyesha. Basi kama na mimi sitakuwepo, angalau utajua ulipokuwa njiani mkate ulikuwa bei gani na watu walikuwa wanalalamikia nini.

Jumanne, 5 Machi

Zipu za sare ninazoshona zimepanda. Nyanya hazishikiki. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Kliniki. Mkunga wa pale ni mwanamke mnene, mikono baridi, hana maneno mengi. Alikuwa anajaza kadi yangu, mimi nakodolea macho saa ya ukutani iliyosimama.

"Mama mzazi yupo?"

"Alifariki."

"Kwa nini?"

"Kwa kunizaa."

Akaweka kalamu chini. "Kuzaa si ugonjwa. Ilikuwa presha? Kifafa cha mimba? Damu? Mtoto alikwama?"

"Sijui."

"Nani alikuwepo?"

"Mama Mkubwa. Dada yake. Ndiye aliyenilea."

"Basi kamuulize. Mambo haya mengine yanatembea kwenye familia. Nyie mnaona haya kuuliza, halafu siku ya siku mnatuachia sisi tubahatishe."

Nimerudi nyumbani. Maisha yangu yote nilikuwa nasema "alikufa kwa kunizaa" kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Haikunijia kwamba ndani yake kuna jambo ambalo mtu anaweza kulijua, na kwamba jambo hilo linaweza kuwa linanisubiri na mimi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mkubwa. Nilimkuta anachambua maharage. Ngoja nikueleze huyu ni mtu gani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyekaa kitako mpaka kazi iishe, na kazi yake haiishi. Hajawahi kunipiga, wala sikumbuki kama amewahi kunipakata. Ana kituko kimoja: hapangi foleni. Akifika dukani akakuta watu wamejipanga, anageuza njia hata kama nyumbani hakuna chumvi. Siku za utoto wangu tulikula vitu vingi bila chumvi.

"Mama Mkubwa, mama alikufa na nini?"

Mikono haikusimama. "Siku zake zilifika."

"Mkunga anataka kujua. Anasema itanisaidia."

"Mwambie mkunga azalishe. Kufukua makaburi si kazi yake."

Akainuka, akaenda kuangalia maji jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepata njia ya uani.

Kibanda changu cha cherehani kimepakana na cha Fundi Redio. Mzee huyu anatengeneza redio, pasi, na kila kitu chenye waya, na maneno yake hayana swichi. Leo nilikuwa napachika kola, nikamuuliza tu hivi hivi: mwaka niliozaliwa mimi, betri zilikuwa bei gani?

Akaacha kazi. Mwaka ule, mwanangu? Betri zilikuwa haziuzwi, zilikuwa zinaombewa. Daraja jipya lilifunguliwa kwa matarumbeta, likafungwa wiki hiyohiyo kwa nyufa. Mafuta ya taa yalipotea. Watu walikuwa wanasikiliza taarifa ya habari kwa zamu, nyumba tatu redio moja. "Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakuja hapa kununua betri mojamoja za tochi. Anaziweka akiba. Anasema mke wake hawezi kujifungulia gizani."

Nilishona kola juu chini. Hii ni mara ya kwanza mtu kunipa kitu cha siku zile. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, namkumbuka kikohozi tu. Sasa ninaye akiwa kijana, ana betri mfukoni, anahesabu siku. Nililia kidogo, mzee akadhani ni kitunguu cha jirani.

Nimegundua hivi: kuhusu kifo, watu wanafunga mdomo. Waulize bei, watakwambia mpaka jioni.

Ijumaa, 22 Machi

Mkaa umelowa na umepanda, vyote viwili. Miguu imevimba. Umecheza sana leo.

Jumatano, 27 Machi

Baba yako ni seremala, na amekutengenezea kitanda kwa mabaki ya mbao za watu. Kizuri, kingo laini. Alikiingiza ndani akiwa anatabasamu, mimi nikamwambia akitoe. Akakitoa. Akakirudisha karakana chini ya turubai, hakuniuliza kitu, na hilo la kutoniuliza likaniuma zaidi.

Siwezi kulala chumba kimoja na kitanda kitupu. Nitamwambiaje mtu huyu kwamba kila nikikiona nawaza wewe ukiwa ndani yake, na yeye amekuinamia, na mimi simo chumbani?

Jumatano, 3 Aprili

Leo nitaandika sana.

Sokoni kuna mwanamke anayeuza nafaka, wanamwita Bi Mizani kwa sababu anashika mfuko mkononi na kukwambia uzito bila kupima, na hakosei. Yuko pale tangu zamani. Nilimnunulia unga nisiouhitaji, nikakaa juu ya gunia, nikamuuliza mwaka ule sabuni ilikuwa bei gani.

"Usinikumbushe," akasema, akaanza kukumbuka. "Sukari tuliisikia redioni tu. Lakini sabuni ndiyo usiseme. Tulifua kwa majivu mpaka nguo zikawa na rangi moja. Halafu asubuhi moja lori likaja. Mche mmoja kila mtu, bei mara tatu ya zamani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtaa mzima ulihamia kwenye foleni. Wazee wamo, wagonjwa wamo, mkunga wa mtaa naye yumo, mkoba wake kwapani."

Nikacheka. Naye akacheka, akazidi kunogewa.

"Mbele yangu alisimama mama yako mkubwa. Wakati huo alikuwa msichana, ana maneno, anataniana na kila mtu. Anasema jamani nipisheni, mdogo wangu kazaa alfajiri hii, mtoto wa kike, nepi zinanisubiri. Tukampa hongera tele. Nafasi hatukumpa, sabuni ni sabuni. Tulisimama pale mpaka jua la utosi, na yeye..."

Akanitazama tumboni, kisha usoni. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka mimi ni nani. Akanifungia unga, akakataa pesa.

Nimefika nyumbani sijui nimefikaje. Alfajiri nimezaliwa. Mpaka jua la utosi Mama Mkubwa yuko kwenye foleni, anacheka. Na jioni, hilo nalijua kwa sababu ndilo pekee nililowahi kuambiwa, walikuwa wanatafuta sanda.

Kumbe ndiyo maana hapangi foleni.

Jumapili, 7 Aprili

Nilisema nitatulia kwanza. Sikutulia.

Nilimkuta Mama Mkubwa amesimama mlangoni na sufuria. "Ulikuwa kwenye foleni ya sabuni," nikamwambia.

Akaiweka sufuria chini taratibu. "Nani kakwambia?"

"Mama anakufa, wewe unapanga foleni."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa kwenye foleni."

Basi. Hakujitetea wala hakulia. Nilitaka aseme ni uongo, au aseme walimlazimisha, au anitukane, nipate pa kushika. Alisimama tu pale na mikono yake mikavu. Nikamwambia siku yangu ikifika asije. Sitaki kumwona mlangoni. Akasema, "Sawa, mwanangu." Nimetembea na mvua mpaka nyumbani, mwavuli ninao mkononi, umefungwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkate umepungua ukubwa, bei ileile. Wanadhani hatuna macho.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemfundisha baba yako kupika uji mwepesi, usio na mabonge. Nikamwonyesha nguo zako ndogo zilipo, zipi za mchana, zipi za baridi. Nikamwambia maziwa ya kopo yakibidi, achemshe chupa kwanza. Alikuwa anafuata vizuri, anarudia kama mwanafunzi. Halafu akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Unanifundisha nini hapa?"

"Uji."

"Unanifundisha ugane." Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Mimi sitaki kujua chupa inachemshwaje. Utaichemsha mwenyewe."

Akatoka, akarudi amelowa chapachapa, akaumalizia uji. Ulikuwa na mabonge. Tumeula wote.

Nina hofu inayonikaba asubuhi kabla sijafungua macho. Wengine wananiambia kila mtu anazaa, hata paka anazaa. Najua. Mama yangu naye aliambiwa hivyo.

Alhamisi, 25 Aprili

Fundi Redio anasema Mama Mkubwa alisimama ng'ambo ya barabara leo, chini ya paa la duka, anaangalia kibanda changu. Alisimama muda mrefu, kisha akaondoka. Nikamwambia mzee ashughulike na waya zake.

Jumanne, 30 Aprili

Kliniki. Umegeuka vizuri, kichwa kiko chini. Presha yangu nzuri. Mkunga akatazama kadi.

"Ulimuuliza mama yako mkubwa?"

"Nimeshajua. Alimwacha mwenzake akaenda kupanga foleni ya sabuni."

Akanitazama. "Sijakuuliza alikuwa wapi. Nimekuuliza mama yako alikufa na nini."

Tangu Machi nilikuwa natafuta jambo moja tu, linalohusu uhai wangu. Nilipopata mtu wa kumlaumu nikaridhika, nikafunga kesi, nikarudi nyumbani. Swali lenyewe sikuuliza.

Nitakwenda kwa Mama Mkubwa Jumapili. Nitameza mate machungu niende. Kabla ya Jumapili siwezi, nina sare za shule nzima mezani, na barabara ya kwake imegeuka mto.

Jumapili, 5 Mei

Sikwenda. Maji yamefika magotini kule chini. Hii ni sababu ya kweli, lakini pia nilifurahi kuipata. Mgongo unauma tangu asubuhi. Mafuta ya taa yamepanda. Daraja dogo limefungwa. Naogopa, naogopa, naogopa.

Alhamisi, 9 Mei

Umezaliwa Jumatatu, mchana. Msichana. Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu, na mkono bado ni wa mtu mwingine.

Uchungu wenyewe sitauandika. Uliuma, ukaisha, nawe ukalia. Mkunga wangu wa mikono baridi ndiye aliyekupokea. Akanikagua, akasema niko salama, akakuweka kifuani, akakimbilia kitanda cha mwisho kwa mama mwingine ambaye mtoto wake alikuwa anatanguliza miguu. Wodi nzima ilikuwa na wauguzi wawili, wengine walikwama ng'ambo ya mto. Kwa sababu hiyo walimruhusu baba yako aingie anisaidie.

Nikamwambia nasikia baridi. Akanifunika blanketi. Nikamwambia bado. Akavua koti lake akaniongezea, akanichomekea pembeni vizuri, mwanamume wa watu, kama anavyofunika mbao zake zisilowe. Nikaomba maji. Nikaomba tena. Halafu, mwanangu, ile hofu yote ikaniacha. Hiyo ndiyo ajabu yake. Tangu Machi nilikuwa sijapata raha kama ile. Nilikuona wewe, nikaona dirisha, nikaona hakuna shida yoyote duniani, nikataka kusinzia.

Mama Mkubwa akaingia. Amelowa mpaka kiunoni, viatu mkononi. Nilimkataza, naye amekuja, na sikuwa na nguvu za kukasirika.

"Anatetemeka tangu saa ngapi?" akamuuliza baba yako.

"Ni baridi tu, Mama. Nimemfunika."

Mama Mkubwa alilitupa lile koti sakafuni, akashika blanketi kwa mikono miwili, akalivuta lote mpaka miguuni. Baba yako anasema alipoliona godoro alishika ukuta. Mama Mkubwa alikuwa ameshafika katikati ya wodi. Aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika maisha yangu ndani ya nyumba yake, sauti ya yule msichana mwenye maneno. "Damu! Mwanangu anakwisha, njooni!"

Walikuja mbio. Mkunga alinikandamiza tumbo kwa ngumi, ikaja sindano, ikaja dripu, ikaja sindano nyingine. Mtoto wa kitanda cha mwisho alikuwa bado anatoka, mkunga ilimbidi arudi kule, akamshika Mama Mkubwa mikono akaiweka juu ya tumbo langu. "Kanda hapa. Kwa nguvu. Usiache mpaka nikwambie." Akakanda. Uso wake ulikuwa juu yangu, maji ya mvua yanamtiririka kidevuni. Kila nikifumba macho ananiita. "Usilale. Usinilalie wewe. Nitazame." Nikawa namtazama. Sikuwa na kazi nyingine.

Mkunga aliporudi alisema kama wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Jana jioni, nimeongezewa damu, nimepata sauti, nikamuuliza mama alikufa na nini. Baba yako alikuwa ametoka kutafuta chai. Mama Mkubwa alikupakata wewe, akanijibu huku anakutazama wewe.

"Alinituma mwenyewe. Alisema nenda, usirudi bila sabuni, mtoto wangu hatavalishwa nepi za majivu. Alikuwa mzima, anacheka. Nimerudi na mche wangu, nikamkuta anatetemeka. Ananitabasamia. Anasema dada, nasikia baridi. Nikamfunika. Nikaleta blanketi la baba yako, nikamwongezea. Akaomba maji, nikampa. Akasema sasa naona raha, acha nilale. Nikasema lala, umechoka."

Wewe ukapiga chafya.

"Nikaenda uani kufua nepi zako. Sabuni mpya, povu tele, nilikuwa naimba. Nimefua zote, nimezianika, ndipo nikaingia kumwonyesha. Mwanangu, mimi sikumfunua. Alikuwa anakwisha chini ya blanketi nililomfunika mimi. Hiyo foleni unayonilaumu, nilikuacha unilaumu, maana foleni ni nyepesi. Foleni watu wote walikuwepo. Blanketi nilikuwa peke yangu."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza?"

"Nilijua nikikwambia damu, utazaa huku unaiogopa. Nikasema nitakuwepo mwenyewe, nitaangalia. Ukanikataza, nikasema sawa, na moyoni nikasema nitakuja hivyohivyo, unifukuze ukiwa hai."

Nilitaka kumwambia mengi. Bado nina hasira, siwezi kudanganya, maana neno moja la Machi lingetuepusha na haya yote. Na nampenda mpaka kifua kinauma. Nikashindwa kuchagua lipi litangulie, nikalia tu, naye akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, bila kuinuka kwenda popote.

Leo nimegundua jambo. Kurasa zote hizi nimekuandikia bei, na za Jumatatu sizijui. Mkate, mkaa, mayai, sijui hata redio ilisema nini. Baba yako amesema atapita dukani aulize, na Fundi Redio atamwambia habari. Tayari alikuwa amevaa viatu.

Nimemwambia avue. Jumatatu nilikuwepo. Ukitaka kujua, utaniuliza mimi.